Rasilimali Watu: Jina Jipya, Desturi Kongwe

Nilikuwa Chundwa wakati wa likizo ya Agosti, katika kisiwa cha Pate ambacho wasomaji wengi wa ukurasa huu, hasa walimu na wanafunzi wa fasihi, hukijua zaidi kwa tenzi na habari za wafalme wake kuliko kwa maisha ya watu wanaoishi huko leo. Alasiri moja, nikiwa nimeketi barazani, alinijia kijana mwenye stashahada ya ufundi wa mitambo, akifuatana na ami yake, mzee aliyekuwa nahodha kwa zaidi ya miaka thelathini. Kijana alishika karatasi mbili zilizopigwa chapa pande zote. Zilikuwa ni mkataba wa kazi kutoka kampuni moja ambayo jina lake halina faida kwa mjadala huu, naye alitakiwa autie saini kabla ya Jumatatu. Mkataba wote ulikuwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili, ambacho hata sisi tunaoshinda vyuoni hukisoma mara mbili ndipo tukakielewa.

"Mwalimu," aliniambia yule mzee, "tusomee. Tujue huyu mtoto anauza nini, na anauza kwa kiasi gani."

Nikasoma, nikafasiri kifungu baada ya kifungu. Nilipofika mahali palipoandikwa kwamba mfanyakazi atakuwa katika kipindi cha majaribio kwa muda wa miezi sita, mzee alinisimamisha kwa mkono. "Wao wamjaribu yeye miezi sita. Na yeye awajaribu wao miezi mingapi?" Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Chomboni, alinieleza, baharia mpya hupimwa kwa safari moja, na katika safari hiyo hiyo naye humpima nahodha. Warudipo bandarini kila mmoja amekwisha kumjua mwenziwe, na baharia asiyeridhika hushuka na mkeka wake akatafuta chombo kingine, asiandikiwe barua wala asiandike.

Tangu siku ile nimekuwa nikilitafakari swali hilo, maana naona limegusa kiini cha jambo ambalo wataalamu wa uongozi wa mashirika wamelifanyia semina nyingi katika hoteli za kifahari bila ya kulifikia. Wanasema nyakati zimebadilika, na kwa hivyo kazi ya kusimamia wafanyakazi haina budi kufikiriwa upya, na utamaduni wa makampuni nao ujengwe upya. Nakubaliana nao. Ila mimi ni mtu wa lugha, na mtu wa lugha akiambiwa kwamba kitu kimefanywa upya, huanza kwa kutazama majina.

Zamani ofisi inayohusika na jambo hili iliitwa ofisi ya wafanyakazi, au idara ya utumishi. Siku hizi kila shirika, hata lile lenye watu ishirini, lina meneja wa rasilimali watu. Neno rasilimali limetokana na Kiarabu, ra's al-mal, yaani kichwa cha mali: zile fedha za mwanzo ambazo mfanyabiashara huziingiza sokoni akitaraji zizae. Rasilimali watu, basi, ni nomino mbili zilizowekwa bega kwa bega bila ya kihusishi baina yao. Laiti aliyelitunga jina hili angetia kihusishi, tungelijua kama anakusudia mali iliyo watu, au mali ya watu, na kama ni mali, ni nani mwenyewe. Wanafunzi wangu huliona swali hili kuwa mzaha wa darasani. Waliokwisha kuajiriwa hawalioni hivyo.

Peter Drucker, mzaliwa wa Vienna aliyeandikia Marekani, alimtaja binadamu kama rasilimali katika kitabu chake cha mwaka wa 1954. Hoja yake ilikuwa kwamba rasilimali hii haifanani na nyingine yoyote, kwa sababu yenyewe ndiyo iamuayo itafanya kazi au haitafanya. Jina likasafiri, hoja ikaachwa njiani. Vibao vya milangoni vilianza kubadilishwa hapa kwetu katika miaka ya 1990, miaka ile ile ambapo serikali ya Kenya, chini ya mpango wa mwaka wa 1993 wa kurekebisha utumishi wa umma, ilikuwa ikiwapunguza watumishi wake kwa maelfu. Mtu alianza kuitwa mali wakati ule ule alipohesabiwa kuwa mzigo.

Na huo utamaduni wa kampuni je? Edgar Schein, mtaalamu mwingine wa Marekani, alipambanua tabaka tatu za utamaduni wa shirika katika kitabu chake cha mwaka wa 1985: yale yaonekanayo kwa macho, yale yatangazwayo kuwa ndiyo maadili, na yale yaliyozama yasiyotamkwa kwa sababu kila mtu huyachukulia kuwa ndivyo ulimwengu ulivyo. Kibao cha ukutani kisemacho "Sisi hapa ni jamaa moja" kimo katika tabaka la pili. Tabaka la tatu hulioni ukutani. Utalisikia katika maneno ambayo watu huitana wakati meneja hayupo, na kwetu sisi maneno hayo yana umri mrefu kuliko kampuni yoyote iliyosajiliwa nchini.

Chukua neno kibarua. Ni barua ndogo, hakuna zaidi. Katika miji ya pwani na Unguja ya karne ya 19, mtu aliyekodiwa kwa kazi ya siku alipewa kijikaratasi cha kuthibitisha kwamba amefanya kazi, akakirudisha jioni apate ujira wake. Wengi wa watu hao walikuwa watumwa waliotumwa na mabwana zao kwenda kutafuta kazi mjini, na ujira waliopata waligawana na bwana. Wanafunzi wa semantiki wataitambua taashira hapo: jina la karatasi likamhamia aliyeibeba. Mtu akawa karatasi yake.

Kisha ikaja karatasi nyingine, kubwa zaidi. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa katika Kenya ya kikoloni mwaka wa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba kipande, ambacho wengi walikitia ndani ya kijikebe cha bati na kukining'iniza shingoni. Humo mwajiri aliandika tarehe ya kumwandika kazi, ujira wake, na tarehe ya kumwachilia. Asiyeachiliwa kwa maandishi hakuweza kuajiriwa kwingine, na akiondoka alitafutwa kama mtoro. Ukiniuliza mimi, hilo ndilo faili la kwanza la rasilimali watu katika nchi hii, nalo lilivaliwa shingoni. Kipande kiliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini hadi leo Mkenya akisimamishwa njiani huulizwa "kipande kiko wapi?", na anayeuliza wala hakumbuki kebe la bati.

Huku Pate neno hilo lina uchungu wake wa ziada. Kwa miaka mingi vijana wa Kibajuni hawakupata kitambulisho mpaka wahojiwe na kamati, kama kwamba kuzaliwa kwao visiwani ni tuhuma ya kujibiwa. Na asiye na kitambulisho hawezi hata kuomba kazi ya kufagia. Rais alitangaza Februari 2025 kwamba uchunguzi wa namna hiyo umekomeshwa. Lakini hata mwenye kitambulisho ana mitihani yake. Kijiji chetu huandikwa Chundwa, na ramani nyingi huandika Tchundwa, na wako walioandika Tundwa. Sisi wanaisimu hutoa mhadhara wa saa nzima juu ya tofauti hizo na kufurahi. Karani wa kuajiri akiona cheti cha shule chasema hivi na kitambulisho chasema vile, hafurahi. Huiweka ile barua ya maombi kando, na aliyeiandika hataambiwa kamwe kwamba aliangushwa na herufi moja.

Walimu wanaosoma makala haya hawana haja ya kurudi nyuma kiasi hicho. Mwaka wa 2023, shule za sekondari msingi zilipofunguliwa kwa wanafunzi wa Gredi ya 7, Tume ya Huduma za Walimu iliwachukua maelfu ya walimu vijana kwa mikataba ya muda mfupi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Waliitwa wanagenzi. Magazeti, kwa unyofu wao, yakawaita walimu vibarua. Basi neno lile lile la bandarini na shambani likapanda ngazi hadi likaingia darasani, likasimama mbele ya ubao.

Nataka tulikae neno mwanagenzi kidogo, kwa sababu ni neno zuri ambalo limetumiwa vibaya. Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi chini ya fundi, na katika visiwa vyetu jina hili lina masharti. Nenda Matondoni kwa waundaji wa majahazi, au Lamu mjini kwa wachongaji wa milango. Mwanagenzi ana fundi wake kando yake. Mbao akiikata vibaya, kosa hubebwa na fundi mbele ya mwenye kazi. Chakula chake na mafunzo yake ni sehemu ya ujira wake, ndiyo maana ujira wa fedha ukawa mdogo. Fauka ya hayo, uanagenzi una mwisho unaojulikana. Siku ya kufuzu, kijana humpa fundi wake kilemba, nacho ni ada ya shukurani, na kuanzia siku hiyo anayemwita mwanagenzi amemtukana yeye na aliyemfundisha.

Sasa linganisha. Mwalimu wa sekondari msingi alikuwa amekwisha kufuzu chuoni, amesajiliwa na Tume yenyewe, ana nambari yake. Darasani alisimama peke yake, aghalabu akifundisha masomo ambayo hakuyasomea, maana mtaala mpya ulikuwa na masomo mengi kuliko walimu. Fundi wake alikuwa nani? Nani alibeba kosa lake? Alikuwa na ujira wa mwanagenzi na dhima ya fundi. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ililiona jambo hilo Aprili 2024, ilipoamua kwamba Tume haina mamlaka ya kuwaajiri wanagenzi, ila walimu waliosajiliwa. Mwezi uliofuata madarasa mengi yalibaki bila walimu kwa sababu ya mgomo. Hatimaye walimu 46,000 waliingizwa katika ajira ya kudumu kuanzia Januari 2025, na katika mwezi huo huo Tume ikawa inaandaa wanagenzi wengine.

Nimewahi kuambiwa na msomi mwenzangu wa somo la uchumi kwamba nayapa majina uzito usio wao; mshahara ndio kitu, jina ni upepo. Ningemkubalia kama si ukweli kwamba katika mkasa huu jina ndilo lililokuwa hesabu. Haikuwezekana kumlipa mwalimu aliyesajiliwa shilingi 20,000 akiitwa mwalimu, kwa kuwa mwalimu ana ngazi yake ya mshahara iliyokubaliwa na vyama. Ilibidi kwanza abatizwe jina jingine.

Hapo ndipo ninapoona kwamba semina za kubadili utamaduni wa kazi huanzia mahali pasipo. Hufundisha mameneja namna ya kuwachangamsha wafanyakazi, hupanga siku ya michezo na fulana za rangi moja. Yule nahodha wa Chundwa hakuwahi kumpa mtu fulana. Nilimwuliza aliwezaje kuwaweka mabaharia pamoja msimu hata msimu, naye akanieleza mambo ambayo kwa kweli nilikuwa nimeyasikia tangu utotoni nisiyatie maanani.

Desturi hutofautiana kutoka chombo hadi chombo na bandari hadi bandari, lakini mhimili wake ni mmoja. Pato huondolewa kwanza gharama za safari. Kisha chombo hupata fungu lake, nyavu hupata fungu lake, na kinachobaki hugawanywa kwa mafungu ambayo kila mtu aliyajua kabla ya tanga kupandishwa. Nahodha hupata zaidi ya baharia, na baharia hapingi, kwa sababu anajua ni kiasi gani zaidi na kwa nini. Katika makampuni mengi ya leo mfanyakazi huonywa asimtajie mwenziwe mshahara wake. Chomboni siri ya namna hiyo haiwezekani. Samaki wote wako pale, na wote wana macho. Neno zamu nalo, ambalo viwanda na hospitali zetu hulitumia kwa kazi ya mchana na ya usiku, ni la bahari: zam kwa mabaharia wa Kiarabu ilikuwa ni muda wa saa tatu wa kushika lindo. Zamu hupita kwa kila mtu. Aliyeshika usukani usiku wa manane jana, leo hulala.

Nisieleweke vibaya. Sisemi turudi jahazini. Chombo kina tajiri wake, na si bure kwamba hadi leo mfanyakazi wa pwani humwita mwajiri "tajiri wangu", hata kama mwajiri mwenyewe anadaiwa na benki. Mabaharia wa vyombo vya masafa walikopeshwa kabla ya msimu, wakafungwa na deni ambalo halikuisha, wakarudi chombo kile kile mwaka hata mwaka kwa sababu hiyo tu. Baharia aliyevunjika mguu alitegemea huruma, kwani fungu la mgonjwa halikuandikwa popote. Na wanawake waliotengeneza makuti, waliokosha na kukaanga samaki, hawakuhesabiwa kuwa wamo kazini hata kidogo. Ninachosema ni kwamba watu hawa wana elimu ya kazi, wana istilahi zake, na wanapoingia katika kampuni huchukuliwa kama kwamba wametoka pasipo na kitu, wafundishwe "nidhamu ya kazi" kuanzia alifu.

Jambo hili si la nadharia kwa watu wa Lamu. Mnamo tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki pamoja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia waliweka jiwe la msingi la bandari mpya upande wa bara, na gati la kwanza lilifunguliwa rasmi tarehe 20 Mei 2021. Serikali iliahidi kuwasomesha vijana 1,000 wa Lamu ili wapate ujuzi wa kazi za bandari. Baina ya tarehe hizo mbili, mwaka wa 2018, Mahakama Kuu mjini Malindi iliamua kwamba haki za wakaazi zilikiukwa, na wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Wengi waliishangilia hukumu hiyo kwa wingi wa fedha. Mimi nilivutiwa na ugumu uliokuwa nyuma yake: mvuvi ni nani? Hana mkataba, hana hati ya mshahara, hana nambari ya ajira. Ushahidi wa kazi yake umo vinywani mwa wenzake na mikononi mwake mwenyewe. Kampuni ikifungwa kesho, orodha ya wafanyakazi wake itatoka katika mashine kwa dakika moja. Bahari ikifungwa, orodha inabidi iandikwe upya kwa mjadala, na kila orodha ya namna hiyo huwaacha nje watu ambao kijiji kizima kinajua kwamba waliishi kwa bahari. Mama karanga aliyenunua samaki ufuoni kwa miaka ishirini ana ugumu zaidi wa kujieleza kwa sababu hakuwahi kumiliki hata ndoana.

Sasa mtoto wa mvuvi huyo anakwenda kuomba kazi ya mwezi. Mshahara ni neno la Kiarabu litokanalo na shahr, mwezi. Ni malipo ya kila mwezi, sawasawa, kiwe kiangazi au masika. Baba yake hakujua miezi ya namna hiyo. Alijua bamvua na maji mafu, alijua kwamba kusi likivuma sawasawa mashua ndogo hazitoki na nyumba hula ilichoweka wakati wa kaskazi. Wengine husema vijana wa visiwani hawana uvumilivu wa kazi ya ofisi. Nadhani wasemao hivyo hawajawahi kukesha na mshipi. Kinachogongana hapo ni kalenda mbili, na hadi sasa ni moja tu iliyotakiwa kusogea.

Mfano mdogo. Kijana wa Chundwa aitwapo kwa mahojiano Mokowe saa mbili za asubuhi, hana budi kuondoka siku iliyotangulia, kwa sababu mashua hupita mkondo wa Mkanda kwa kufuata maji, na maji hayafuati barua. Atalipa nauli, atatafuta pa kulala, na akichelewa ataandikiwa kwamba hakuja. Ofisi iliyopanga saa hiyo haikuwa na nia mbaya. Ilipangwa na mtu ambaye katika ulimwengu wake njia haijai wala haikauki. Jedwali la maji kujaa na kupwa huchapishwa kila mwaka, na kulitundika katika ofisi ya kuajiri kungegharimu msumari mmoja.

Bandari kongwe ina somo la kuipa bandari changa. Januari 1947, wafanyakazi wa bandari, wa reli na wa kazi nyinginezo mjini Mombasa waligoma kwa zaidi ya siku 10, na Chege Kibachia akawa kiongozi wa chama chao kilichozaliwa katika mgomo huo. Hadi wakati ule kazi ya kupakia na kupakua ilikuwa ya vibarua wa siku. Mgomo uliwatisha wakuu wa serikali, na katika miaka iliyofuata wakaanza kuugeuza ukibarua uwe ajira ya kudumu. Wanahistoria wametuonyesha upande wa pili ambao viongozi wa vyama hawapendi kuutaja: wako vibarua waliokuwa wakiupenda ukibarua, kwa kuwa uliwaachia siku za kwenda shambani au kwao. Walichokichukia ni ujira mdogo, nyumba mbovu na kutojulikana. Wakuu waliwapa uthabiti, na pamoja nao wakawapa saa na msimamizi. Naamini bandari ya Lamu, ambayo desturi zake ndiyo kwanza zinaanza kukauka kama saruji, ingeweza kujaribu njia ya tatu: mikataba ya misimu inayojulikana, ambayo inamhakikishia mtu kurudi kwake kazini pamoja na bima na malipo ya uzeeni, huku ikitambua kwamba kuna miezi ambapo bahari inamwita. Huenda nikaambiwa hilo ni gumu kwa hesabu. Mafungu ya chombo nayo ni magumu kwa hesabu, na mabaharia wasiojua kusoma waliyagawa bila ya kikokotoo.

Nirudi kwenye karatasi ya kijana wetu, maana sheria ya nchi ina maneno ya kumwambia, na maneno hayo yanahusu fani yangu. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, katika kifungu cha 9, inasema kwamba mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha ambayo mkataba umeandikwa, ni wajibu wa mwajiri kuhakikisha anaelezwa mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 41 kinasema kwamba kabla ya mtu kuachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu, kwa utendaji duni au kwa kutojiweza kimwili, lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenziwe amtakaye. Kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi. Kifungu cha 42 kinakiwekea kipindi cha majaribio mpaka wa miezi sita, na hakiongezwi ila kwa ridhaa ya mfanyakazi mwenyewe.

Mara mbili, basi, bunge limetaja lugha, pale mtu aingiapo kazini na pale atolewapo. Katiba ya mwaka wa 2010 nayo, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo ni meneja gani wa rasilimali watu ambaye umewahi kumwona na mkataba wa Kiswahili mkononi? Kozi za usimamizi wa wafanyakazi hufundishwa kwa Kiingereza kitupu katika vyuo vyetu, changu kikiwamo, na mhitimu hutoka akijua namna ya kupima ari ya wafanyakazi kwa hojaji ya maswali arubaini ambayo mlinzi wa lango hawezi kuisoma. Nasi wa idara za Kiswahili hatuna la kujitetea. Tumekesha tukibishana juu ya tafsiri ya istilahi za tarakilishi, ilhali hatujakaa siku moja kuandaa kielelezo cha mkataba wa kazi ambacho mwalimu wa shule ya msingi angeweza kumsomea jirani yake. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayetafuta mada ya tasnifu asije kwangu na methali za wanyama. Alete vifungu vya mkataba.

Tulipomaliza kusoma pale barazani, kijana aliandika maswali matatu kwa Kiswahili chini ya ukurasa wa pili. Je, majaribio yakiisha nitaandikiwa? Siku ambazo mashua hazivuki zitahesabiwaje? Nikiumia kazini nitamwendea nani, kwa kuwa aliyetia saini hapa ni wakala? Jumatatu alipanda mashua ya alfajiri. Afisa aliyempokea alimwambia kwamba karatasi ile haina nafasi ya maswali, akampa nakala safi. Kijana akatia saini nakala safi, kwa sababu alihitaji kazi, na ile yenye maswali akaiacha mezani.

Ami yake amenipigia simu mara mbili tangu hapo. Mara ya kwanza ilikuwa kuniarifu kwamba mtoto ameanza kazi na ni mzima. Mara ya pili aliniuliza kama kile kifungu cha 9 ninacho kwa Kiswahili, apate kumsomea mwenyewe Ijumaa atakaporudi nyumbani. Nilimwambia sinacho. Nimeanza kukifasiri.